Pazia la Mji wa Lukumbi

Mtani akikuheshimu, kaa chini uulize nani amekufa. Ndivyo Eufrasia Kikoti alivyolelewa kwao Iringa, na ndivyo alivyowaza asubuhi ile Mpigangoma alipopita kwenye lango la mji wa Lukumbi bila kumpora mkuki.

"Salamu kwako, mlinzi wetu mtukufu," Mpigangoma alisema. Akainamisha kichwa, akapita.

Akapita! Eufrasia akabaki na mkuki wake mkononi kama mtu aliyepakuliwa ugali akanyimwa mboga. Mngoni yule alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Akifika langoni anaunyakua mkuki, anakimbia nao mpaka chini ya mnara, anaukalia, na harudishi mpaka akombolewe kwa kibuyu cha pombe ya ulanzi. Eufrasia naye hulalama kwa sauti ili mji mzima usikie, kisha huenda kumkomboa huku akificha kicheko. Ndio utani wenyewe huo. Babu zao, Wahehe na Wangoni, walichinjana vitani. Wajukuu wanaporana mikuki na kucheka. Hata jina lake la kweli Eufrasia hakulijua. Alijua tu kwamba siku ya kwanza alipokosea akamsalimu kwa Kihehe, "kamwene", hapo langoni, mtu yule alishika tumbo akacheka: "Kumbe lango letu tumelikabidhi kwa Mhehe! Basi tumekwisha, adui akija tutamkuta mlinzi amemkaribisha chai." Tangu hapo wakawa watani.

Maana Lukumbi haikuwa Iringa wala Songea. Lukumbi ilikuwa ndani ya Sega, na Sega ilikuwa ndani ya vichwa vya watu. Unajifunga kilemba chenye nyuzi za shaba, unalala chali, unafumba macho. Ukiyafumbua uko mjini, una jina jingine na kazi nyingine, na nje ya ukuta jeshi la Mavumbi linakuja. Mashine haikuzijenga kuta zile peke yake. Mashine ilikuwa mzinga tu. Nyuki walikuwa wachezaji. Kila kichwa kilitoa nta yake. Huyu akiamini kwamba ukuta ni wa mawe, yule akauegemea, mwingine akaupiga lipu, basi ukuta unasimama, na ukiugonga kwa kiwiko unaumia kweli. Lakini akija mmoja asiyejali, akasimama katikati ya watu akasema kwamba maharage yake yanaungua jikoni, hapo aliposimama nta inayeyuka. Ukuta unakuwa moshi. Wewe uliyeuegemea unaanguka.

Kwa mtu mwenye afya, kuanguka huko ni kicheko. Kwa Tekla kulikuwa jambo jingine.

Tekla alikuwa mdogo wake Eufrasia, tumbo moja. Mgongo wake ulivunjika zamani kwenye ajali ya mgodi, na maumivu yalihamia humo yakakaa kama mpangaji asiyefukuzika. Dawa zilimlaza bila kumtuliza. Kitu kimoja tu kilimtuliza: kilemba. Kichwa chake kilikuwa bado kinaikumbuka miguu, basi ndani ya Sega miguu ilikuja. Lukumbi nzima ilimjua kama Mteka Maji, mwanamke mwenye mwendo wa haraka na mtungi kichwani. Dunia ile ikiwa nzima, hakuna mgongo wala kitanda. Ikipasuka, hata kwa neno moja la mpuuzi, Tekla anarudi kitandani kwa mpigo, na kelele zake zinasikika mpaka kwa jirani.

Na wapuuzi walikuwapo. Mkubwa wao alikuwa askari aliyejiita Chipsi Mayai. Mji wote wamevaa ngozi na shanga, wana majina ya kishujaa, yeye Chipsi Mayai. Baraza la vita likikaa, yeye anapanda mezani kucheza. Mfalme akitoa hotuba, yeye anauliza nani ameangalia mpira jana. Siku moja alimfuata Tekla njia nzima ya mtoni akimsimulia habari za foleni ya malori, na siku hiyo Tekla alilia mpaka jioni.

Ndipo wenye Sega wakaleta pazia. Pazia lilikaa katikati ya mdomo wa mtu na sikio la mwenzake. Ukisema neno lisilo la mji ule, pazia linalipokea, linalivika nguo za Lukumbi, ndipo linalipeleka. Ukikunja uso, linaukunjua. Tangu siku ile Chipsi Mayai akawa askari mwema kuliko wote. Ukimpita anakupigia saluti: "Naam, bibi. Jeshi liko tayari." Nini alichokuwa anakisema hasa, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Tekla aliteka maji kwa amani. Pazia lilimfunika kila mtu au halikumfunika yeyote, kwa sababu sega ni moja. Na kwa kuwa sheria ilitaka mji wenyewe uwe na njia ya kuliondoa, kamba yake nyekundu ilifungwa langoni, karibu na bega la mlinzi. Ikivutwa, pazia halirudi mpaka baraza likae na kukubaliana upya.

Matusi ya Mpigangoma nayo pazia liliyageuza. "Mhehe mwoga" ikawa "mlinzi mtukufu". Lakini mikono hawakuiziba, na mtani ana mikono. Mdomo ulisema salamu kwako, mikono ikapora mkuki. Eufrasia alicheka kuliko hata mwanzo.

Leo mdomo umesema salamu, na mikono nayo imenyamaza.

Aliuegemeza mkuki ukutani akamfuata.

Mpigangoma alikuwa ameketi chini ya mnara, ngoma kati ya magoti, anapiga. Watu wamemzunguka, wanasifu mdundo mpya, mpole, wa kuachiana nafasi. Mfinyanzi wa mji, mzee mwenye mikono ya udongo, alikuwa akitikisa kichwa kwa raha. Eufrasia hakusikiliza mdundo, alitazama mikono. Wa kushoto ulipanda na kushuka. Wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti kama samaki sokoni.

"We Mngoni," alimwambia kwa sauti ya ugomvi, "hiyo ngoma au unatwanga karanga?"

"Wimbo wangu ni wa moyo uliojaa, mlinzi," Mpigangoma alijibu. Uso wake ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungini.

Eufrasia akainama, akaikamata ngoma, akaivuta. Mtani akiguswa ngoma! Siku zote mtu huyu angeng'ang'ania, angemwita mwizi, angetangaza kwamba kabila zima la Wahehe limekuja kuiba kwa sababu hawajui kuchonga. Ngoma ikatoka kwenye magoti yake bila ubishi.

"Ichukue," Mpigangoma alisema. "Milima inaniita. Mito inaniita. Njooni, enyi wenye mbio."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni shairi. Eufrasia hakupiga. Baba yao, yeye na Tekla, alianza hivyo hivyo mezani: kijiko kilianguka kutoka mkono wa kulia, na alipotaka kusema kimeanguka, mdomo ulikwenda upande. Kiharusi. Na ndani ya Sega mkono husogezwa na kichwa. Kichwa kikiusahau, unabaki gotini.

Akavua kilemba.

Chumba kilikuwa na jua la asubuhi na harufu ya dawa ya kuchua. Tekla alikuwa kwenye kitanda cha pili, amefumba macho, uso umelainika, midomo inatabasamu kidogo. Eufrasia alitoka akaenda sebuleni, akawapigia simu wenye Sega. Alipokea binti mwenye sauti ya adabu.

"Mama, tumemwona mchezaji huyo. Kilemba chake kinaonyesha amezama kabisa. Hakuna malalamiko."

"Amezama, ndiyo. Hata aliyezama mtoni halalamiki. Mwanangu, mtu huyu amepatwa na kiharusi, yuko peke yake. Nipe jina lake na anapokaa nimtafutie watu."

"Siri za wachezaji hatuzitoi, mama. Labda aombe mwenyewe."

"Anaomba!"

"Maneno yake ninayo hapa. Anasema milima inamwita."

"Hayo ni ya pazia. Nisomee aliyosema yeye."

"Hayo hatuyaweki, mama. Pazia likishageuza, la zamani linafutika. Na kilemba si daktari, kinasoma kuamini tu." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayechungulia nyuma yake. "Wewe si ndiye mlinzi wa lango? Basi njia unayo."

Njia aliijua tangu alipoishika ile ngoma. Alichokuwa akitafuta ni nyingine.

Aliporudi Lukumbi alikwenda moja kwa moja mtoni. Tekla alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anausuuza mtungi na kuimba. Alipomwona dada yake amekuja bila mkuki, wimbo ukakatika.

"Dada, una nini?"

Vitanda vyao vilikuwa chumba kimoja, basi maneno yao yalifikiana kwa masikio ya mwili bila kupita kwenye pazia; Eufrasia alimweleza habari za mkono, ngoma, na maneno ya yule binti. Hakuzungusha. Tekla aliutua mtungi taratibu.

"Usiiguse ile kamba."

"Mtu anakufa, Tekla."

"Una hakika?"

"Sina."

"Basi!" Tekla alisimama, na kule kusimama kwenyewe kukamfanya Eufrasia atazame pembeni. "Mgongo wangu unaujua wewe. Wewe ndiye unayenigeuza. Na siko peke yangu. Mfinyanzi ana kansa ya mifupa, yule mama wa vitunguu sijui hata ana nini, lakini siku moja pazia lilichelewa nikamwona anavyojikunja. Wote hawa wameacha vitanda huko. Utatuumiza sote kwa ajili ya mkono mmoja uliolala gotini?"

"Ungekuwa wewe unaita, na mimi ninasikia mashairi?"

Maji yalipita. Tekla aliuegemeza mtungi kwenye jiwe.

"Ningetaka uje," alisema. "Lakini sitakuambia uvute. Usinitake niseme hivyo, dada. Siwezi."

"Sikutaki useme." Eufrasia alimshika bega, akamkalisha kwenye jiwe kama anavyomkalisha kitandani, mkono mmoja nyuma ya shingo. "Kaa chini tu. Isije ikakukuta umesimama."

Akapanda kuelekea langoni. Hakukimbia, maana anayekimbia huwa anatafuta mtu wa kumzuia. Mfinyanzi alimwona anaishika kamba, akapiga kelele: "Mlinzi, hapana!" Eufrasia akasema, "Nisameheni," kisha akajifunga kamba kiganjani na kuvuta kwa uzito wake wote.

Kwanza zilikuja sauti. Mji uliokuwa ukisema kwa ufasaha ukaanza kuropoka. Mtu anadai chaji. Mtu anamgombeza mwanawe aoge. Mama wa vitunguu anaita jina la Mungu, tena na tena. Juu ya meza ya baraza, Chipsi Mayai alikuwa katikati ya maneno yake, na ilionekana alikuwa ameyaanza zamani.

"...sasa haya malori yanajiendesha yenyewe, lakini mpakani wanataka mtu akae ndani, basi nimekaa, kama mlinzi wa jeneza, foleni ya Tunduma haisogei, na humu ndani miezi yote ninaongea hakuna hata mmoja ananijibu, mnaitikia tu amani, amani, mpaka nikadhani nyie wote ni mashine..." Akanyamaza. "Eh! Mnanisikia?"

Kisha nta ikaanza kuyeyuka. Mnara ulilegea katikati. Chini, mtoni, Tekla alipiga ukelele mmoja, na Eufrasia, aliyeujua ukelele ule kama anavyoijua sauti ya mlango wake, hakugeuka. Alikimbia mpaka chini ya mnara, akapiga magoti mbele ya Mpigangoma.

Uso haukuwa tena maji ya mtungini. Upande mmoja ulikuwa umeshuka, mate yanatiririka, jicho limejaa hofu. Na maneno yalitoka mazito, kila moja limeburuzwa.

"...nisaidieni... tangu nilipoamka... nisaidieni..."

"Niko hapa, mtani. Pazia nimelitoa. Uko wapi?"

"Namtumbo... nyuma ya... ghala la zamani... la tumbaku..."

"Jina lako nani?"

"Ditram. Luambano."

"Namtumbo?" Chipsi Mayai alikuwa ameruka kutoka mezani. "Ghala la tumbaku lenye paa jekundu? Ngonyani amelaza lori lake palepale, jana tu amenipigia analalamika mbu! Bibi, subiri." Akatoweka kama taa iliyozimwa.

Ardhi ilikuwa imekuwa laini kama uji. Mpigangoma alianza kufumba jicho.

"Usilale!" Eufrasia alimpiga kibao kwenye shavu lililo zima. "Wangoni ndivyo mlivyo. Mmetembea kutoka kusini kote kule kuja kutupiga, mkifika mnalala. Si ndiyo sababu tuliwafukuza?"

Jicho likafunguka. Mdomo ukahangaika, ukatafuta neno, ukalikosa, ukalitafuta tena.

"Mlitu... fukuza?" alisema Ditram Luambano. "Mkuki wenu... tuliuacha... ulikuwa na kutu."

Eufrasia alicheka, na machozi yakamtoka kwa pamoja, akamtukana tena, naye akatukanwa, taratibu, neno kwa neno, mpaka mtu yule akatoweka mbele yake katikati ya tusi. Kilemba kimevuliwa. Kuna mikono mingine iliyomfikia.

Chipsi Mayai alirudi anahema, ingawa alikuwa ameketi tu ndani ya lori. "Wamevunja dirisha. Yu hai, bibi. Ngonyani amempakia, yuko njiani kwenda hospitali. Anasema mzee anamtukana njia nzima."

Watu waliobaki walimzunguka Eufrasia. Wengi walikuwa wamekwisha kuvua vilemba. Mfinyanzi alikuwa amebaki, amejishika mbavu, uso umekuwa wa kijivu.

"Umefanya vizuri," alisema, "na umetuua. Baraza likae leo. Pazia lirudi."

"Likae," Eufrasia alijibu. "Nitakuja, nitasikiliza kila mtu, kura ikipigwa nitaiheshimu. Lakini mkono utakaolifunga si wangu. Pale langoni ninalinda watu, mzee wangu. Siwezi kuwalinda nisiowasikia."

Mfinyanzi alimtazama kwa hasira, kisha kwa uchovu. Hakusema ndiyo.

Eufrasia alitaka kuvua kilemba amkimbilie Tekla kitandani, amgeuze, ampake dawa. Alikuwa ameshaipeleka mikono kichwani alipomwona.

Tekla alikuwa bado yupo. Alikuwa anapanda kutoka mtoni kwenye njia iliyojaa matundu, mguu mmoja ukionekana, mwingine ukififia na kurudi. Alikuwa amekunja uso, ameuma mdomo, machozi yanashuka, na mtungi kichwani. Kila hatua ilikuwa ya mtu anayetembea sehemu mbili kwa wakati mmoja, huku na kitandani.

"Vua, mdogo wangu!" Eufrasia alimwita. "Vua, nakuja!"

"Sivui." Tekla alisimama mbele ya Chipsi Mayai, akimtazama kwa macho makali. "Wewe ndiye Chipsi Mayai?"

"Jina langu Lusajo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua maneno yako yalinifanya nini? Huko nje sitembei. Natembea hapa tu, watu wakiwa watu wa hapa. Wewe ukianza foleni zako mimi navunjika mgongo upya."

Lusajo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na wakati ule alionekana kama aliyemwagiwa maji. Akavuta fulana yake, maana pazia lilipoondoka, ngozi ya chui ambayo lilimvika nayo iliondoka.

"Sikujua, mama. Wallahi. Nilikuwa mpweke tu."

"Sasa umejua."

Lusajo alitazama huku na huku, akauona mkuki wa Eufrasia umeegemezwa kulekule ukutani, karibu na lango. Hakuufuata. Akasimama wima, visigino pamoja, akapiga saluti iliyokwenda kombo.

"Naam, bibi," alisema. "Jeshi liko... eh. Jeshi ni mimi peke yangu. Lakini liko tayari. Nipe huo mtungi."

Yalikuwa maneno yaleyale ambayo pazia lilimsemesha miezi yote, na sauti ya pazia ilikuwa nzuri zaidi. Tekla akainama polepole, kwa uchungu, akautua.

"Shika chini, kwenye kitako," alimwambia. "Ukishika shingo utanivunjia."

Lusajo akakinga mikono. Chini ya miguu yake njia ilikaza kidogo, upana wa nyayo mbili tu, na mtungi ulipomfikia ulimlemea mpaka magoti yakainama, maji yakaruka ukingoni yakamlowesha kifua.

"Mama yangu!" alisema. "Mazito!"